Tanuru, Mgodi na Bomba: Uhandisi wa Madini katika Njia ya Misafara ya Magharibi mwa Tanzania

Historia ya uhandisi wa madini, wa uyeyushaji wa metali na wa mafuta ya petroli huandikwa mara nyingi kwa kufuata mlolongo wa vitabu na vyuo: kitabu cha Georgius Agricola kuhusu machimbo na metali kilichotoka mwaka 1556, chuo cha madini cha Freiberg nchini Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1765, na kisima cha mafuta cha Edwin Drake kilichochimbwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859. Mlolongo huo ni wa kweli kwa kadiri unavyohusu ujuzi ulioandikwa, lakini unaziacha nje nchi ambazo ujuzi wa namna hiyo ulikaa mikononi na midomoni mwa watu kwa karne nyingi, ukarithishwa kutoka kwa mhunzi mzee kwenda kwa mwanafunzi wake bila karatasi wala shahada. Mojawapo ya nchi hizo ni magharibi mwa Tanzania, hasa ukanda uliopitiwa na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe penye mji wa Tabora, kisha ikaendelea Uvinza hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika.

Ili historia ya ukanda huo ieleweke, inafaa kazi ya madini igawanywe katika hatua nne: kutafuta, yaani kujua mahali madini yalipo, kuchimba, yaani kuyatoa ardhini, kuchenjua na kuyeyusha, yaani kuitenga metali na mwamba na uchafu wake, na mwisho kuuza, ambako bei hupangwa. Uchambuzi huu unashikilia kwamba jambo lililobadilika zaidi katika njia ya misafara tangu zama za matanuru ya udongo hadi zama za bomba la mafuta ni makazi ya hatua ya tatu, kwa kuwa jamii zilizokuwa zikichenjua na kuyeyusha kwao zilijipangia bei, ilhali jamii zilizobakiwa na kazi ya kuchimba peke yake zilipangiwa bei na wengine.

Chumvi ya Uvinza

Chumvi ni madini kama madini mengine, na katika njia hii ndiyo yenye mojawapo ya historia ndefu zinazothibitika. Katika bonde la mto Malagarasi na kijito chake cha Ruchugi, huko Uvinza, maji ya chini ya ardhi hupanda juu yakiwa yamebeba chumvi nyingi, na uchimbuzi wa kiakiolojia uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo tangu takriban karne ya 5 au ya 6. Mbinu yenyewe ilikuwa rahisi kueleza lakini ilidai uangalifu mkubwa katika utendaji, kwani visima vilichimbwa mahali maji yalipokuwa makali zaidi, maji yakatekwa na kuchemshwa katika vyungu juu ya mafiga hadi yakauke, na kazi yote ikafanywa wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua na mafuriko yaliyapunguza maji hayo ukali na kuziharibu kuni.

Kuni ndizo zilizoweka mpaka wa uzalishaji. Kila kipimo cha chumvi kilidai maji mengi yageuke mvuke, na kila chungu cha maji kilidai mzigo wa kuni, kwa hiyo mwenye kisima asiye na msitu alikuwa na mali nusu. Wafalme wa Uvinza walitambua thamani ya chemchemi hizo, wakawaruhusu watu wa Uha, Ujiji, Unyamwezi na kwingineko waje kuchemsha, nao wakatoza ushuru wa chumvi. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipopita mwaka 1858 walikuta biashara hiyo imeshamiri. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga kiwanda cha chumvi mahali hapo hapo, na reli ya kati ilipopita Uvinza shehena ikapata njia ya kufika mbali zaidi, wakati teknolojia ya baadaye ya kuanika maji kwenye mabwawa mapana ili jua liyakaushe ilipunguza mzigo wa kuni. Katika mabadiliko yote hayo jambo moja lilidumu, nalo ni kwamba chumvi ilitoka Uvinza ikiwa imekamilika, tayari kwa chungu cha mlaji, na ndiyo maana ushuru na faida vilikusanywa karibu na chemchemi.

Chuma cha majembe

Metali iliyobeba uchumi wa wakulima wa Unyamwezi ilikuwa chuma. Ardhini chuma hukaa kikiwa kimeungana na oksijeni katika mawe mazito mekundu au meusi, na jiwe la namna hiyo, lenye metali ya kutosha kulipa jasho la kuiyeyusha, huitwa mtapo. Kazi ya tanuru ni kuiondoa oksijeni hiyo. Mkaa ukiungua mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo huipokonya mitapo oksijeni yake na kuacha chuma, mradi joto lifike takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi ili uchafu wa mwamba uyeyuke na kujitenga ukiwa mavi ya chuma. Kwa kuwa chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, tanuru la udongo halikukigeuza kuwa uji, bali lilitoa bonge lenye vinyweleo, ambalo ilibidi lipashwe moto tena na kufuliwa kwa nyundo hadi uchafu uliosalia ukatoka.

Ufipa, kusini mwa njia ya misafara, palikuwa na suluhisho la kihandisi linalostahili kutajwa katika kila darasa la uyeyushaji wa metali. Matanuru makubwa yaliyoitwa malungu yalisimama kwa urefu wa takriban mita 3, yakiwa na matundu chini yaliyoingiza hewa yenyewe, kwa kuwa hewa moto iliyopanda ndani ya mwili mrefu wa tanuru ilivuta hewa baridi kutoka chini bila mtu kuvukuta. Bonge lililotoka humo lilihamishiwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, ambalo lilitumia mivukuto, na huko chuma kikasafishwa. Kugawanya kazi katika hatua mbili namna hiyo, moja ya kuzalisha kwa wingi kwa nguvu kidogo na nyingine ya kusafisha kwa nguvu nyingi, ni kanuni ileile inayofuatwa na viwanda vikubwa vya leo. Upande wa kaskazini, katika nchi za Uzinza na Geita, mafundi waliojulikana kama Barongo walitumia matanuru mafupi yenye mivukuto. Profesa Bertram Mapunda amezitofautisha teknolojia hizo kwa kuchunguza mabaki ya matanuru na mavi ya chuma, na uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu chuma cha Buhaya, uliochapishwa mwaka 1978, uliwalazimisha wanazuoni wa nje kuutazama upya uyeyushaji wa Kiafrika, ingawa tafsiri yao ya namna hewa ilivyopashwa moto kabla ya kuingia tanuruni imeendelea kubishaniwa.

Miiko iliyoyazunguka matanuru, kama vile mafundi kujitenga na wake zao wakati wa kuyeyusha na dawa kuzikwa chini ya tanuru, imeelezwa na wageni wengi kuwa ushirikina mtupu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu katika jamii isiyoandika, mpangilio wa ibada ulisaidia kuhifadhi mpangilio wa kazi: ni mti gani ukatwe kwa mkaa, ni udongo gani ujengee tanuru, ni lini moto uwashwe na ni nani aruhusiwe kuukaribia. Ujuzi ulilindwa pamoja na heshima ya mwenye ujuzi, na aliyetaka kuujua alilazimika kwanza kukubaliwa na wenyewe.

Matokeo ya kiuchumi yalikuwa makubwa. Jembe lililima, likatolewa mahari, na likatumika kununulia bidhaa njiani kama fedha. Kutoka upande wa Usumbwa na Uzinza wapagazi walishusha majembe hadi soko la Tabora, na makadirio ya miaka ya 1890 yalitaja majembe kama 150,000 kwa mwaka. Biashara hiyo ilififia katika miongo iliyofuata, pale majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoingia kwa bei ya chini, vipande vya chuma kikuukuu vilipowatosha wahunzi bila kuyeyusha mitapo, na vijana walipovutwa na upagazi, kodi na kazi za mashamba makubwa. Mhunzi alibaki, lakini myeyushaji alitoweka, na pamoja naye ikatoweka hatua ya tatu ya kazi ya madini.

Wayeke na shaba ya Katanga

Njia ya misafara haikuishia Ujiji. Kutoka Unyamwezi na Usumbwa wafanyabiashara walivuka kuelekea kusini-magharibi hadi Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, kutafuta shaba, na mmoja wao alikuwa Kalasa, ambaye mwanawe, Msiri, alihamia huko katikati ya karne ya 19 na kujenga dola yenye makao makuu Bunkeya. Wafuasi wake walijulikana kuwa Wayeke, na dola yao ilisimama juu ya shaba, pembe za ndovu, chumvi na, kwa masikitiko ya historia, biashara ya watumwa.

Shaba ya Katanga ilipatikana kwa wingi katika malakiti, jiwe la kijani ambalo ni rahisi kuyeyushwa kuliko mitapo ya chuma, kwa kuwa mkaa huitoa shaba humo bila shida kubwa na shaba yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Wenyeji wa Katanga walikuwa wameifahamu kazi hiyo karne nyingi kabla ya Msiri kufika, wakimimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba zilizosafiri mbali kama fedha. Wayeke walisifika kwa kutengeneza waya, kazi inayodai fimbo ya shaba ivutwe kupitia tundu jembamba la chuma, kisha jembamba zaidi, huku ikipashwa moto mara kwa mara ili isikatike, hadi upatikane uzi laini wa kusokota bangili. Mtu aliyetoka Unyamwezi akiwa mnunuzi wa shaba alikuwa sasa mtawala wa watu wanaoichimba, kuiyeyusha na kuimalizia, na bei aliipanga mwenyewe.

Desemba 1891 Msiri aliuawa na ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa kuyamiliki machimbo hayo. Tanuru lake la kwanza mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, lilianza kutoa shaba mwaka 1911. Mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa na Uingereza maeneo maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, na hivyo njia ya zamani ya misafara ikapata kuwa mlango mmoja wa shehena za Kongo. Tabora iliona mizigo ikipita kama zamani, isipokuwa wenye mizigo na wenye matanuru walikuwa wengine.

Reli, Sekenke na sarafu ya Tabora

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi. Kwa upande wa madini reli ilibadilisha hesabu yote ya uchimbaji, kwa sababu mashine nzito zingeweza sasa kuletwa bara na mitapo ya thamani ndogo ingeweza kusafirishwa bila kuliwa na gharama za upagazi. Kaskazini-mashariki mwa Tabora, katika nchi ya Iramba, Wajerumani walikuwa tayari wameanzisha mgodi wa dhahabu wa Sekenke, mgodi wa mwamba mgumu ambamo mishipa ya mawe meupe ya kwatzi ilifuatwa chini ya ardhi kwa mashimo ya wima na njia za ulalo.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoikutanisha dhahabu hiyo na Tabora. Manowari za Uingereza ziliifungia pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikakosekana, na mwaka 1916 serikali ya kikoloni, ikiwa imehamishia shughuli zake Tabora, iligeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Humo zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zikiwa na dhahabu safi ya sehemu 750 katika kila 1,000, na jumla yake ilikuwa 16,198; pamoja nazo zilipigwa heleri za shaba nyekundu na shaba nyeupe zilizobeba herufi T ya Tabora. Kusafisha dhahabu, kuichanganya na metali nyingine kwa kipimo kisichobadilika, kuikata na kuipiga chapa ni kazi za uhandisi wa metali kwa maana kamili, na zilifanyika katikati ya vita, mamia ya kilomita kutoka baharini, kwa vifaa vya kutengenezea vichwa vya treni.

Tukio hilo halikudumu, kwani tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Ubelgiji liliingia Tabora na kazi ikakoma. Hata hivyo lina uzito katika hoja hii, kwa kuwa linathibitisha kwamba umbali wa Tabora haukuwa kamwe sababu ya kiufundi ya kutosafisha metali huko. Haja ilipokuwepo, na mwenye mamlaka alipoamua, tanuru na mashine vilipatikana. Baada ya vita, dhahabu ya Tanganyika iliendelea kuchimbwa, kwa wingi zaidi katika miaka ya 1930, lakini fedha za nchi zilipigwa ng'ambo.

Mpanda: mgodi uliozaa reli

Kielelezo kilicho wazi zaidi cha uchimbaji bila tanuru ni Mpanda. Mitapo ya risasi iliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu ilipogunduliwa huko, kampuni ya Uruwira Minerals ilianzisha mgodi, na serikali ya Uingereza ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, magharibi mwa Tabora, hadi Mpanda, likakamilika takriban mwaka 1950. Mgodini mwamba ulisagwa na kuchenjuliwa ili kupata makinikia, yaani unga mzito ambao sehemu kubwa ya mwamba usio na thamani imekwisha kuondolewa humo, lakini ambao bado si metali. Unga huo ulipakiwa kwenye mabehewa, ukapita Tabora hadi Dar es Salaam, na ukavuka bahari kwenda kuyeyushwa.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, na hadi leo inabeba abiria na mazao ya Katavi, jambo linaloonyesha kwamba miundombinu ya mgodi inaweza kuwafaa watu muda mrefu baada ya mitapo kwisha. Ujuzi wa kuyeyusha risasi na kutenga fedha humo haukubaki, kwa sababu haukuwahi kuletwa. Tofauti ya urithi huo wa aina mbili ndiyo inayopaswa kupimwa kila mradi mpya unapojadiliwa, kwani reli huonekana na kuhesabika kwa kilomita, ilhali ujuzi usiokuwepo hauna mtu wa kuulilia.

Nzega: sianidi, zebaki na marudio

Baada ya uhuru sekta ya dhahabu ilidorora. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa wakia hadi mwaka 1971, gharama za uchimbaji zikapanda, na mgodi wa Geita ukafungwa mwaka 1966. Serikali iliunda Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, mwaka 1972, na baada ya mageuzi ya kiuchumi ikapitisha Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliyowavuta wawekezaji wa nje. Mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa zama hizo mpya ulifunguliwa mwaka huo huo katika mkoa wa Tabora, wilayani Nzega, karibu na kijiji cha Lusu, nao ni Golden Pride wa kampuni ya Resolute kutoka Australia.

Golden Pride ulikuwa mgodi wa wazi, yaani shimo pana linaloshuka kwa ngazi, na uliwezekana kwa sababu ya mbinu iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest. Mwamba husagwa hadi kuwa unga, ukachanganywa na maji yenye sianidi na hewa, dhahabu ikayeyuka ndani ya maji hayo, kisha ikanaswa na chembe za kaboni na kutolewa humo kwa joto na umeme. Kwa njia hiyo mwamba wenye gramu 2 tu za dhahabu kwa tani unaweza kulipa. Mgodi ulitoa zaidi ya wakia milioni 2 kabla ya kusimamisha uzalishaji karibu na mwisho wa mwaka 2013, na majengo yake yakakabidhiwa kwa serikali yatumike kwa mafunzo ya Chuo cha Madini.

Pembeni mwa mgodi huo na katika vitongoji vingi vya Nzega, Igunga na Sikonge wako wachimbaji wadogo, ambao kazi yao inaonyesha kwa udogo lile ambalo historia ya njia ya misafara inaonyesha kwa ukubwa. Wachimbaji hushuka katika duara, yaani shimo la wima linaloshikiliwa kwa magogo yaitwayo matimba, wakapandisha mawe, wakayasaga kwa karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, wakaosha unga mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, na kuinasa dhahabu kwa zebaki, ambayo baadaye huchomwa hadi igeuke mvuke wenye sumu kwa mchomaji na kwa majirani zake. Zebaki hunasa chembe kubwa na kuziacha ndogo, hivyo sehemu kubwa ya dhahabu, mara nyingi zaidi ya nusu, hubaki katika mchanga uliokwisha kuoshwa, unaoitwa marudio. Marudio huuzwa kwa bei ndogo kwa mwenye mtambo wa sianidi, naye huipata dhahabu ambayo mwenye duara aliitoa ardhini kwa kuhatarisha maisha yake. Mwenye mtambo hakuiba, kwani alinunua kwa makubaliano. Lakini alijua kiasi cha dhahabu kilichomo ndani ya mchanga huo na muuzaji hakujua, na bei ilifuata upande wa ujuzi.

Taifa zima lilikutana na swali hilohilo mwaka 2017, pale Rais John Magufuli alipozuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba na kuunda kamati mbili, moja ikiongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine na Profesa Nehemiah Osoro, zichunguze kilichokuwa kikitoka nchini ndani ya makontena. Takwimu za kamati hizo zilipingwa vikali na kampuni husika, lakini mgogoro wenyewe uliweka wazi kwamba nchi isiyopima na kuyeyusha mitapo yake hulazimika kubishana juu ya thamani yake. Sheria zilibadilishwa mwaka huo huo, mrabaha wa metali ukapandishwa hadi asilimia 6 na serikali ikapewa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mwaka 2019 yakaanzishwa masoko ya madini mikoani, mwaka 2021 ukazinduliwa mtambo wa kusafisha dhahabu jijini Mwanza unaomilikiwa kwa ubia na STAMICO, na tangu mwaka 2024 migodi na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu. Hatua hizi zinarudisha polepole hatua ya tatu mahali ilipokuwa.

Mafuta: bomba la moto na bonde la Wembere

Sura ya mwisho ya njia hii ni ya petroli. Mwaka 2006 Uganda ilithibitisha kuwa na mafuta ghafi katika bonde la Ziwa Albert, na mwezi Mei 2017 ikatia saini na Tanzania mkataba wa bomba la kuyasafirisha kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, linapita katika mkoa wa Tabora kwenye wilaya za Nzega na Igunga, kaskazini mwa njia kuu ya zamani.

Ugumu wake wa kihandisi unatokana na tabia ya mafuta yenyewe. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na yakiachwa katika joto la kawaida huganda, kwa hiyo bomba lazima liyatunze katika joto la takriban nyuzi 50 au zaidi njia nzima. Kwa sababu hiyo linafukiwa ardhini, linavikwa tabaka nene la povu la kuzuia joto lisitoke, na linapashwa kwa nyaya za umeme. Kazi ya kulivika tabaka hilo ilipewa kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kilichozinduliwa Machi 2024, ambako vipande vya bomba vyenye urefu wa mita 18 vilipokelewa kutoka bandarini na kutoka vikiwa tayari kuunganishwa. Hisa za mradi zinaonyesha mizani ya nguvu: kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies asilimia 62, Shirika la Mafuta la Taifa la Uganda asilimia 15, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) asilimia 15, na kampuni ya China ya CNOOC asilimia 8. Mradi umekosolewa pia kuhusu fidia za waliopoteza mashamba na kuhusu mazingira, na hoja hizo zinadai majibu ya vitendo, kwa kuwa bomba litakaa katika ardhi ya wakulima hao kwa miongo mingi.

Tabora yenyewe inaweza kuwa na petroli. Bonde la Eyasi-Wembere, linaloingia Igunga, ni tawi la Bonde la Ufa lenye tabaka nene la mashapo, na TPDC imekuwa ikilichunguza. Watafiti hutafuta mambo matatu kwa pamoja: mwamba uliozaa mafuta kutokana na mabaki ya viumbe, mwamba wenye vinyweleo unaoweza kuyahifadhi, na mwamba mzito juu yake unaoyazuia yasipotee. Mitetemo hupelekwa ardhini, mwangwi wake ukapokelewa na kuchorwa, na picha hiyo ndiyo inayoamua mahali pa kuchimba kisima. Kusini zaidi, katika bonde la Rukwa, zana hizohizo za petroli zimetumika kutafuta heliamu, ambayo ugunduzi wake ulitangazwa mwaka 2016. Katika kazi ya namna hii takwimu za mitetemo ni mali sawa na mafuta yenyewe, kwa kuwa anayeweza kuzisoma ndiye anayejua thamani ya kitalu kabla mkataba haujatiwa saini.

Hitimisho

Ukanda wa Tabora umepitia kila namna ya kazi ya madini, na ushahidi wake unaelekea upande mmoja. Uvinza ilikusanya ushuru kwa sababu chumvi iliiva pale pale. Unyamwezi ililisha soko lake kwa majembe kwa sababu mitapo iliyeyushwa katika nchi jirani zilizofanya nayo biashara moja. Wayeke walitawala shaba kwa sababu waliimalizia. Mpanda, kwa upande mwingine, ilitoa unga na kubaki na reli, na mchimbaji wa Nzega anauza marudio yenye dhahabu asiyoipima. Ukubwa wa mashine haukuwa kipimo cha maendeleo katika mifano yote hiyo. Kipimo kilikuwa nani anabaki na uwezo wa kupima, kuchenjua na kuyeyusha baada ya mwenye mtaji kuondoka.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanadaiwa na wakati uliopo. Kwanza, teknolojia ya malungu, ya Barongo na ya chumvi ya Uvinza iingizwe katika mitaala ya uhandisi kama uhandisi, pamoja na hesabu zake za joto na hewa, kabla mabaki yake hayajalimwa na kusahaulika. Pili, mafunzo ya madini Nzega yapewe maabara za kupima kiwango cha dhahabu zilizo wazi kwa wachimbaji wadogo kwa gharama wanayoimudu, pamoja na mitambo ya kuchenjua isiyotumia zebaki, ili mwenye duara aingie sokoni akijua alichonacho. Tatu, mikataba ya bomba na ya Wembere isimamiwe kwa namna itakayowafanya wahandisi wa Kitanzania wazisome wenyewe takwimu za mitetemo na kuyaendesha wenyewe mabomba ya moto, kwa kuwa ajira ya kuchimba mtaro hukoma siku mtaro unapofukiwa. Madini ya magharibi mwa Tanzania yatakwisha siku moja kama yalivyokwisha ya Mpanda, na wajibu wa viongozi, walimu na wachimbaji wa kizazi hiki ni kuhakikisha kwamba ujuzi hauondoki pamoja nayo.